dsDNA imepanda, C3 imeshuka, kreatinini "kawaida": figo zimeguswa au bado?

#1 MuuguziMkomani
Salaam wakuu. Nina karatasi mbili za mgonjwa mmoja zilizopishana miezi minne, na wawili waliozisoma kabla yangu hawakubaliani. Mwanamke wa miaka 26, kilo 47, lupasi (maradhi ya kinga kushambulia mwili wenyewe) ilithibitishwa miaka 2 nyuma. Yuko kwenye dawa za kuituliza: haidroksiklorokwini miligramu 200 kwa siku na predinisoloni 5.

Karatasi ya kwanza: anti-dsDNA 38, C3 0.95, C4 0.09, kreatinini 54, mkojo safi.

Ya sasa: anti-dsDNA 210, C3 0.62, C4 0.08, kreatinini 79, potasiamu 5.9, LDH 520, ESR 68, CRP 6, himoglobini 9.8, chembe nyeupe 3.4 na ndani yake limfosaiti 0.8, chembe sahani 162. Kijiti cha mkojo: protini +, damu ++. Presha 138/88. Miguu haijavimba.

Kwa wageni: anti-dsDNA ni kingamwili ya lupasi dhidi ya DNA. C3 na C4 ni komplementi, protini za kinga zinazotumika na kushuka lupasi ikiwaka, zimepimwa kwa gramu kwa lita. Kreatinini, taka inayotolewa na figo, ni maikromoli kwa lita. ESR na CRP ni vipimo vya uvimbe mwilini, LDH ni kimeng'enya cha ndani ya seli. Damu ilitolewa hapa Amu (Lamu) ikasafirishwa. Mmoja anasema figo ni nzima kwa kuwa kreatinini haijavuka mpaka, mwingine anasema moto umeshawaka. Mwasemaje?

#2 KijanaWaBarani
Mimi niko na huyo wa kwanza. 79 haina neno, maabara nyingi mpaka wa juu kwa wanawake ni 90 na ushee. Protini + moja hata homa huleta. Rudieni baada ya miezi mitatu.

#3 TabibuLangoni
Miezi mitatu ni mingi mno, ndugu yangu. Mpaka wa maabara umewekwa kwa watu wote, wanene kwa wembamba. Huyu ni bibi wa kilo 47, misuli yake ni michache, kwa hiyo kreatinini yake ya kawaida ni ndogo. Mlinganishe na nafsi yake. Kwa fomula ya CKD-EPI ya 2021, inayokadiria figo zinachuja kiasi gani, kreatinini 54 kwa mwanamke wa miaka 26 ni uchujaji wa takribani mililita 126 kwa dakika. Kwa 79 ni takribani 91. Zaidi ya robo ya uchujaji imekwenda ndani ya miezi minne, na karatasi bado imeandikwa "kawaida".

Na kreatinini ndiyo ya mwisho kulalamika. Katika lupasi mkojo hutangulia kuchafuka, kreatinini hufuata nyuma, wakati mwingine baada ya vichujio vingi kupata makovu. Anayesubiri kreatinini ivuke mpaka anasubiri figo ife.

#4 FundiDarubini
Kabla hamjafika mbali na figo, hebu tuitazame hiyo damu ilifikaje. Potasiamu 5.9 na LDH 520 kwa pamoja zaninong'oneza jambo. Tyubu ikitolewa Amu bila kuzungushwa, ikapanda boti mpaka Mokowe, ikapigwa na mawimbi, kisha ikapakiwa gari kupitia Hindi, Witu na Garsen, chembe nyekundu hupasuka njiani. Zikipasuka, potasiamu na LDH zilizokuwa ndani humwagika kwenye seramu. Kwenye karatasi inaonekana kama figo zimeshindwa kutoa potasiamu na damu inavunjika mwilini, kumbe imevunjika chomboni.

Uliza kama maabara iliandika seramu ilikuwa na rangi gani. Ya waridi au nyekundu, basi hizo namba mbili zifutwe. Zikirudi juu kwenye damu iliyozungushwa papo hapo, ndipo tushtuke.

#5 MuuguziMkomani
@FundiDarubini umegonga ndipo. Chini kabisa wameandika kwa kalamu "seramu nyekundu kiasi". Haikuzungushwa, mashine ilikuwa haifanyi kazi siku hiyo. Na C3 je, joto la njiani haliwezi kuwa limeishusha?

#6 FundiDarubini
Inategemea wamepima nini. Kipimo cha CH50, kile kinachopima kazi ya komplementi yote kwa pamoja, joto hukiua upesi. Seramu ikikaa nje saa chache kipindi cha kaskazi, CH50 inaweza kusoma karibu na sifuri kwa mtu mzima wa afya. C3 na C4 zikipimwa kama kiasi cha protini huvumilia zaidi. Kushuka kutoka 0.95 hadi 0.62 nisingekubebesha boti peke yake. Lakini nisingeapa pia.

Utaratibu wa kurudia: tyubu ya kifuniko chekundu isimame wima dakika 30 igande kwanza. Zungusha, kisha hamishia seramu kwenye kichupa kingine, yote ndani ya saa 2. Seramu ndiyo inayokwenda kwenye barafu. Damu nzima usiilaze juu ya barafu, sehemu iliyogusa huganda kwa baridi na chembe zikapasuka, ukarudi ulikotoka. Barafu ya samaki yafaa, ila iwe ndani ya mfuko wa plastiki na kitambaa katikati.

#7 MfamasiaMalindi
Nami naongeza la dawa, maana huwa halisemwi mpaka liulizwe. Je, viungo vinamuuma? Kama vinamuuma, amenunua nini dukani? Diklofenaki au ibuprofeni siku tano sita zatosha kupandisha kreatinini kutoka 54 hadi 79, hasa kama hanywi maji ya kutosha. Hizo hubana mishipa inayoingiza damu kwenye kichujio.

La pili, septrini. Trimethoprimu iliyo ndani yake huzuia figo kutoa kreatinini bila kupunguza uchujaji wenyewe, na hupandisha potasiamu kwa kweli, si kwa boti. Tena dawa za salfa zinajulikana kuchokoza lupasi. Aliyeona damu na protini kwenye mkojo akadhani ni maambukizi akampa septrini, amechafua karatasi nzima.

#8 KijanaWaBarani
Asante @MfamasiaMalindi, hapo umenitetea. Si lazima iwe lupasi.

#9 TabibuLangoni
Diklofenaki itaeleza kreatinini. Haitaeleza dsDNA kutoka 38 hadi 210, wala C3. Ukishika mkia wa ng'ombe usiseme umemshika mzima, Barani.

#10 BintiWaPate
Naomba niulize kuhusu C4. Ilikuwa 0.09, sasa 0.08. Hiyo mbona haijasogea, na mpaka wa chini ni 0.10? Maradhi yakiwa yanawaka si zote mbili zishuke?

#11 TabibuLangoni
Swali zuri sana. Katika lupasi kingamwili hujifunga na vitu vya kiini cha seli vikawa mafungu, mafungu yale huamsha komplementi kwa njia ya C1q, halafu C4, halafu C3. Kwa hiyo kawaida C4 hushuka mapema na C3 hufuata. Lakini kuna watu waliozaliwa na nakala pungufu za jeni ya C4. Wao C4 yao ni ndogo siku zote, wawe wazima au wagonjwa, na upungufu huo wenyewe unaongeza hatari ya kupata lupasi. Huyu naona ni wa kundi hilo. C4 yake haitupi habari, ya kumtazamia ni C3.

Na C3 nayo ina hila. Ini huitengeneza kwa wingi zaidi mwili ukiwa na uvimbe au mimba. Mjamzito mwenye lupasi inayowaka anaweza kuonyesha C3 1.0 ukadhani salama, kumbe kwa mimba ile ilipaswa kuwa juu zaidi. Mwenendo wa namba una maana kuliko namba moja.

#12 MpimajiShela
C3 chini na C4 isiyosogea ina maelezo mengine pia, na pwani hii tusiyapite: figo kuugua baada ya maambukizi ya bakteria wa streptokoka, ya koo au vidonda vya ngozi. Hapo C3 hushuka, C4 mara nyingi hubaki palepale, mkojo huwa na damu, presha hupanda. C3 hurudi yenyewe ndani ya wiki 6 hadi 8. Kwa kuwa C4 ya huyu ilikuwa chini tangu zamani, huwezi kutumia C4 kutenganisha. Muulizeni vidonda na koo la wiki tatu zilizopita, na mpimeni ASO, kingamwili ya streptokoka.

#13 NahodhaWaMkojo
Wakubwa mmeruka kitu kikubwa. Damu ++ kwenye mkojo, na hakuna aliyesema kichocho! Mtu amekulia wapi? Kama ni upande wa Delta ya Tana au vijiji vya ndani ya Malindi penye mabwawa, kichocho cha kibofu kinaleta damu na hata protini bila figo kuguswa.

Chukua mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi. Mililita 10 zipite kwenye kichujio au zizungushwe, tafuta yai lenye mwiba mkiani. Kisha tazama sura ya chembe nyekundu. Za kibofu ni duara, zimefanana. Zilizopenya kichujio cha figo hutoka zimekunjika, nyingine zina vijipu pembeni kama masikio.

#14 FundiDarubini
@NahodhaWaMkojo umesema kweli tupu, na darubini ndiyo inayokata shauri, si kijiti. Ila mkojo wenyewe uwe mbichi. Ukikaa zaidi ya saa moja mbili kwenye joto letu, kasti (vijibomba vinavyofinyangwa ndani ya mirija ya figo) huyeyuka na chembe hupasuka, hasa mkojo ukiwa mwepesi au wenye alkali. Kijiti kitasema damu ++ na darubini itasema hakuna kitu.

Hatua kwa anayefanya: mililita 10, zungusha polepole dakika 5 (nguvu ya 400 g hivi, si mbio za kuzungushia damu), mwaga maji ya juu ubakishe nusu mililita, tikisa kwa upole, tone moja kwenye kioo. Anza na lenzi ya 10, punguza mwanga kabisa, pitia kingo za kioo kidogo cha juu, kasti hukimbilia pembeni. Ukiona kitu kama kipande cha bomba, kingo zake zimenyooka sambamba, ndani kimejaa vidoa vya rangi ya kutu vilivyobanana, geuza lenzi ya 40. Vikiwa ni chembe nyekundu zilizoshikana ndani ya bomba, hiyo ni kasti ya damu. Bomba lile ni umbo la ndani la mrija wa figo. Kibofu hakiwezi kulitengeneza, wala kichocho hakiwezi.

Chembe zenye vijipu zikizidi 5 kati ya 100, nao ni ushahidi wa kichujio.

#15 MuuguziMkomani
Mkojo ulipimwa kwa kijiti tu. Na kopo la vijiti, niseme kweli, huwa wazi mezani.

#16 MpimajiShela
Kopo wazi Amu, na unyevu huu wa bahari! Vijiti hivyo tupa. Lile kopo lina dawa ya kukausha ndani ya kifuniko, likikaa wazi siku chache rangi hupoteza uaminifu.

Na protini + haina maana bila kujua mkojo ulikuwa mzito kiasi gani. Mfano: miligramu 300 za protini kwa lita, kijiti kitasema +. Kama kreatinini ya mkojo huo ni milimoli 15 kwa lita, uwiano wa protini kwa kreatinini ni 20, hakuna la kutisha. Kama ni milimoli 3, uwiano ni 100, na hapo umeshavuka mara mbili mpaka wa 50 ambao madaktari huanza kufikiria biopsi, yaani kuchukua kipande kidogo cha figo kukichunguza. Kijiti kimesema + mara zote mbili. Ndiyo maana uwiano wa protini na kreatinini si anasa.

Karatasi nyingine huandika gramu kwa gramu. Chukua uwiano wa miligramu kwa milimoli, ugawanye kwa 113, utapata hiyo. 0.5 gramu kwa gramu ni karibu 57.

#17 BintiWaPate
Na ule mkojo wa saa 24?

#18 MpimajiShela
Bado ndio mizani yenyewe, lakini nusu ya makopo hukosewa. Mkojo wa kwanza wa asubuhi humwagwa, saa huandikwa, kisha kila tone hukusanywa pamoja na ule wa kwanza wa kesho yake saa ileile. Kuhakiki, pima kreatinini ya kopo zima. Mwanamke kijana hutoa takribani miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku. Kwa kilo 47 ni kama 700 hadi 940. Ukipata 400, mkojo mwingine ulimwagwa chooni na protini uliyohesabu ni pungufu.

Mwezi wa Ramadhani tumia uwiano, na mkojo wa asubuhi. Wa alasiri huwa mzito kwa kiu, kijiti hupanda bila sababu.

#19 MaalimVipimo
Naingia kwa upande wa dsDNA. 38 na 210 zilipimwa maabara moja, kwa njia moja? ELISA (kipimo cha kingamwili kwa kubadilika rangi) ya kiwanda kimoja hailingani na ya kingine, hata kama zote zimeandika uniti za kimataifa. ELISA hukamata nyingi, pamoja na zile dhaifu zisizo na madhara. Njia ya Crithidia hutumia kijidudu chenye mkia anayeishi ndani ya nzi. Mwilini mwake mna fungu la DNA ya nyuzi mbili lililosongamana bila vitu vingine vya kiini, likiwaka kijani hakuna mjadala. Hukosa baadhi ya wagonjwa, lakini ikikubali, imekubali.

Na kwa wasomaji wengine: ANA (kipimo cha awali cha kingamwili dhidi ya viini vya seli) isirudiwe. Ni ya kufungulia mlango tu, vigezo vya 2019 vya kuainisha lupasi vinataka angalau 1:80. Kupanda kwake kutoka 1:320 hadi 1:1280 hakusemi lolote kuhusu leo. Malaria, kifua kikuu na homa ya ini huweza kuileta kidogo kwa asiye na lupasi.

#20 MuuguziMkomani
Maabara tofauti @MaalimVipimo. Ya kwanza ilikwenda Mombasa, ya pili kwingine.

#21 KijanaWaBarani
Basi ile dsDNA kupanda mara tano tuliyoitegemea imeyeyuka. Boti imeharibu potasiamu, maabara mbili zimeharibu dsDNA, kopo wazi limeharibu mkojo. Kimebaki nini?

#22 TabibuLangoni
Kimebaki C3, limfosaiti 0.8, presha 138/88 kwa msichana wa miaka 26, na ESR 68 pamoja na CRP 6. Hiyo jozi ya mwisho ina maana kubwa. Lupasi ikiwaka, ESR hupanda na CRP mara nyingi hubaki chini, kwa sababu interferoni ya aina ya kwanza huzuia ini lisitoe CRP. CRP ikiruka juu ya 50 au 60 tafuta maambukizi kwanza, au uvimbe wa utando wa mapafu na moyo.

#23 FundiDarubini
ESR yenyewe nayo si ya kuapia. Himoglobini 9.8 huipandisha. Tyubu iliyoinama kidogo huipandisha, joto huipandisha, meza inayotikiswa na jenereta huipandisha. Na pwani tuna selimundu: mwenye selimundu ESR yake hubaki chini hata akiungua ndani, kwa sababu chembe zilizopinda hazipangiki kama sarafu. Selimundu pia huleta damu kwenye mkojo.

#24 DktMwambao
Nimesoma uzi wote, ahsanteni. Wapo wagonjwa ambao dsDNA yao iko juu na C3 chini miaka, mkojo safi, hawana dalili. Hao hawapandishiwi predinisoloni kwa ajili ya karatasi, hufuatwa kwa karibu. Angekuwa na mkojo safi ningemweka hapo. Hofu yangu ni kwamba mkojo wake umebadilika.

Na kinyume chake kipo: daraja la V la figo ya lupasi, ule unene wa utando, huweza kuja na C3 ya kawaida na dsDNA hasi, na protini ya gramu nyingi. Kwa hiyo damu nzuri haiondoi figo mbaya. Daraja III na IV ndizo hupenda kuja na C3 chini, dsDNA juu na kasti. Ila daraja halisomwi kwenye damu, husomwa kwenye kipande cha figo. Anti-C1q (kingamwili dhidi ya C1q) inasaidia, ikiwa hasi daraja IV inayowaka haielekei, lakini hapa pwani si kipimo cha kila siku.

Uwiano ukirudi juu ya 0.5 gramu kwa gramu, mkojo wa asubuhi, mara mbili, na zaidi kama kuna kasti, ningempeleka kwa biopsi. Kabla yake presha iwe chini ya 140/90, chembe sahani zihesabiwe, aspirini isimamishwe wiki moja. aPTT (muda wa damu kuganda) ikiwa ndefu msikimbilie kusema atatoka damu. Kwa lupasi huenda ni ile kingamwili ya kuzuia mgando chomboni, ambayo mwilini hugandisha damu. VDRL ya kliniki ya wajawazito iliyosema kaswende kwa asiye nayo ni ndugu wa hiyohiyo.

#25 MfamasiaMalindi
@DktMwambao na akiwekwa kwenye enalaprili kwa presha, protini itashuka bila lupasi kutulia. Uwiano wa kwanza uchukuliwe kabla ya kidonge cha kwanza, la sivyo hatutajua nani amefanya kazi. Na kipimo cha mimba kabla.

Haidroksiklorokwini yake ni miligramu 4.3 kwa kilo, iko chini ya mpaka wa 5, isiguswe. Ila ulizeni kama anaimeza kweli. Wengi huiacha wakijiona wazima, na hilo peke yake laeleza C3.

#26 DktMwambao
Naam, hilo la kuacha dawa lingekuwa swali langu la kwanza. Na akianza matibabu ya figo, shabaha ni protini ipungue angalau robo kwa miezi 3, nusu kwa miezi 6, na ndani ya mwaka mmoja ifike chini ya gramu 0.5 hadi 0.7. Damu kwenye mkojo huchelewa kuondoka, isiwe sababu ya kuongeza dawa peke yake.

#27 NahodhaWaMkojo
Bado nasema kichocho kipimwe. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na hakuna wa kumpa siklofosfamidi, dawa kali ya kushusha kinga, mtu mwenye minyoo kibofuni bila kumtibu kwanza.

#28 MpimajiShela
Nami bado na streptokoka yangu. C3 ikirudi yenyewe wiki ya nane mtanikumbuka.

#29 TabibuLangoni
Wiki ya nane ni mbali kwa kichujio kinachowaka. Asubiri wiki moja, si nane.

#30 MuuguziMkomani
Nimempigia. Diklofenaki alimeza siku nne, wiki iliyopita. Septrini hapana. Kidonda cha ngozi hana, koo halikumbuki. Haidroksiklorokwini "siku nyingine husahau". Amekulia Witu, akioga mtoni utotoni. Anarudi Jumatatu asubuhi bila kukojoa nyumbani.

#31 FundiDarubini
Mashine ya kuzungushia imetengenezwa?

#32 MuuguziMkomani
Inazunguka tangu jana.

#33 FundiDarubini
Basi mkojo uletwe kwangu kabla ya saa mbili na nusu, bado una moto wa mwili. Mwingine saa tano kwa mayai ya kichocho. Kopo jipya la vijiti, lifungwe kila ukichomoa kimoja. Tyubu nyekundu mbili, dakika 30 wima, halafu seramu ya dsDNA ipande boti ya saa nne kwenda maabara ileile ya kwanza.